Utando Haufi kwa Uzee: Kutunza Mashine ya RO ya Tangi la Samaki, Nakuru Hadi Kisumu

Muuzaji wa vichujio atakwambia ubadilishe vichujio vya mbele vya mashine yako ya kusafisha maji kila baada ya miezi sita, na utando kila baada ya miaka miwili. Ushauri huo ni rahisi kukumbuka, ila hauyajui maji yako. Mwenye tangi la samaki mjini Kisumu anaweza kukuta kichujio chake cha matope kimeziba kabla wiki sita hazijaisha, mvua za Aprili zikiwa zimeivuruga mito. Mwenzake wa Nakuru anayetumia kisima kirefu anaweza kukitoa chake baada ya mwaka mzima kikiwa bado cheupe. Wote wawili wakifuata kalenda, mmoja anauua utando wake na mwingine anatupa pesa.

Utando wa mashine ya osmosisi kinyume, ambayo wengi tunaiita RO tu, ndicho kiungo chake cha thamani kuliko vyote. Ni karatasi nyembamba ya plastiki iliyoviringwa kama mkeka ndani ya bomba. Maji yenyewe yangependa kupenya kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Presha ndiyo inayoyalazimisha yaende kinyume, yaiache chumvi nyuma. Maji safi hutokea kwenye mrija mmoja, na maji yaliyobeba chumvi iliyokataliwa hutokea kwenye mrija wa pili, kuelekea kwenye beseni la kuoshea au mtaro. Vitu vingine vyote kwenye mashine, yaani vichujio, pampu, geji na vali, vimewekwa pale kuulinda utando au kuusaidia kufanya kazi. Ukishika hilo, kila jambo la matengenezo linapata sababu yake.

Utando uliotunzwa hudumu miaka mitatu, minne, hata mitano. Unaokufa mapema huwa umeuawa, na wauaji wake ni wachache: matope, klorini, kizuizi cha maji taka kilichoziba, na kukauka.

Kwanza, je, unaihitaji?

Tuliweke swali hili mbele kwa sababu watu wengi hununua mashine kabla ya kuyapima maji. Ziwa Victoria ni ziwa la maji matamu yenye chumvi chache. Kisumu hupata maji yake kutoka ziwani, kupitia Dunga, na kutoka mto Kibos kupitia mtambo wa Kajulu. Shida ya maji hayo kwa mfugaji wa samaki ni udongo, mwani na klorini, na vyote vitatu vinaondolewa na kichujio cha matope kikifuatwa na kichujio cha mkaa. Ukifuga ngege, au furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi ambao Waluo huwaita fulu, maji ya ziwa ndiyo nyumbani kwao. Kuwatengenezea maji ya RO ni kazi bure.

Nakuru ni habari nyingine. Mji hunywa mchanganyiko: visima vya Kabatini na Baharini, na maji ya mto Turasha. Miamba ya Bonde la Ufa ni ya volkano, na maji yanayokaa ndani yake huokota sodiamu, baikaboneti, silika na floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa. Visima vingi vya ukanda huu huzidi hapo, na meno ya kahawia ya wakazi waliokulia huko yanaonyesha hivyo. Kwa tangi la samaki, tatizo kubwa zaidi ni baikaboneti: hushikilia pH juu, mara nyingi kupita 8, na hakuna samaki wa Amazoni, iwe tetra au diskasi, anayestarehe humo. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Mkaa wa kawaida hauiondoi. Mkaa wa mifupa, ambao Dayosisi Katoliki ya Nakuru imeusambaza kwa miaka mingi kwa ajili ya maji ya kunywa, huishika floraidi, lakini baikaboneti na sodiamu huziacha zipite. Hapo ndipo RO inapostahili gharama yake.

Kwa hiyo nunua mita ya TDS kwanza. Inapima umeme unavyopita majini na kuugeuza kuwa makadirio ya chumvi zote zilizoyeyuka, kwa miligramu kwa lita. Haikwambii ni chumvi gani. Ndiyo maana unahitaji pia vipimo vya matone vya GH, yaani ugumu wa kalisi na magnesi, na vya KH, yaani baikaboneti. Maji mengi ya visima vya Nakuru humshangaza anayeyapima mara ya kwanza: KH iko juu sana, GH iko chini. Ni maji mepesi kwa sabuni lakini mazito kwa pH.

Namba tano za kuandika

Siku mashine ikiwa mpya na inafanya kazi vizuri, andika namba tano kwenye karatasi na uigandishe ukutani kando yake: presha kabla ya utando, TDS ya maji yanayoingia, TDS ya maji safi, mililita za maji safi kwa dakika moja, na mililita za maji taka kwa dakika moja. Kikombe cha kupimia cha jikoni na saa ya simu vinatosha. Rudia kila mwezi. Karibu kila ubovu utakaowahi kuupata utajionyesha kwenye namba hizo wiki kadhaa kabla samaki hawajaumia.

Pima TDS ya maji safi baada ya mashine kukimbia dakika tano, kamwe si mara tu ukiifungua. Mashine ikiwa imezimwa, chumvi huendelea kupenya polepole kupitia utando hadi pande mbili zikaribiane. Maji ya dakika za mwanzo hutoka na TDS ya juu hata utando ukiwa mpya kabisa. Yamwage. Kwa sababu hiyo hiyo, ni bora kutengeneza lita 60 kwa mkupuo mmoja mara moja kwa wiki kuliko kuwasha mashine kila siku kwa lita tano.

Kisha piga hesabu ya ukataaji: gawanya TDS ya maji safi kwa TDS ya maji yanayoingia, toa jibu kwenye 1, zidisha kwa 100. Maji yakiingia na 420 na kutoka na 10, utando unakataa asilimia 97.6, nao ni mzima. Ukishuka chini ya 95, anza kutafuta sababu. Ukifika 90 na sababu nyingine zote umeziondoa, badilisha. Usiitazame namba ya maji safi peke yake: 15 ni nzuri kwa maji yaliyoingia na 500, ni mbaya kwa maji yaliyoingia na 100.

Matope

Kichujio cha kwanza ni kile cheupe cha nyuzi za plastiki, kirefu cha inchi 10, cha maikroni 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kinaziba kwa sababu kinafanya kazi yake. Dalili ni geji: presha ya baada ya vichujio ikishuka kwa psi 10 (psi ni kipimo cha presha) kutoka ile uliyoandika ukutani, huku presha ya mfereji haijabadilika, muda wake umefika. Kama geji yako ni moja tu, hakikisha imefungwa baada ya vichujio na kabla ya utando, maana presha inayouhusu utando ni hiyo.

Kuna hatari moja ya kwetu ambayo vitabu vya maelekezo havina. Maji ya mgao yakirudi baada ya kukatika siku mbili, mkupuo wa kwanza huja na hewa, kutu na udongo uliokuwa umetulia ndani ya mabomba. Mashine ikiwa wazi, matope ya miezi miwili yanaingia kwa dakika kumi, na kishindo cha hewa kinaweza kupasua mkebe wa plastiki unaoshika kichujio. Funga vali ya kuingiza maji kila mara mfereji unapokauka. Maji yakirudi, fungua mfereji wa nje kwanza, uache utiririke hadi ndoo nyeupe ionyeshe maji safi, ndipo uifungulie mashine.

Ukiwa upande wa ziwa, ongeza mkebe mmoja wa ziada mbele ya mashine wenye kichujio cha maikroni 20, kisha kile cha 5 kifuate. Cha 20 hubeba mzigo wa mvua na ni cha bei nafuu. Usijaribu kuosha kichujio cha nyuzi kwa brashi ukakirudisha. Uso wake utaonekana safi, lakini udongo uliokwama katikati hautoki, na brashi hufungua nyuzi kiasi cha kupitisha chembe kubwa.

Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi, na mahali inapoharibika ni kwenye oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji kuvuja. Funga maji, bonyeza kitufe chekundu juu ya mkebe kutoa presha, kisha fungua kwa spana yake. Mkebe ukigoma, presha bado imo, usilazimishe. Ukiushusha, tazama mfereji mdogo unaozunguka mdomo wake: oringi ikae humo. Mara nyingi huwa imenata kwenye kifuniko cha juu, kisha inadondoka sakafuni bila wewe kuiona. Ifute kwa kitambaa safi, ipitishe kati ya vidole kutafuta ufa au mahali palipobapa, ipake silikoni ya oringi kiasi cha punje ya mchele, uirudishe. Usitumie mafuta ya kujipaka ya petroli. Huvimbisha baadhi ya aina za mpira. Kaza mkebe kwa mkono, kisha robo mzunguko tu kwa spana. Anayekaza kwa nguvu zote leo ndiye atakayeuvunja wakati wa kuufungua.

Klorini

Mtambo wa maji huweka klorini ili maji yafike nyumbani bila vijidudu, na ni jambo jema. Lakini utando wa kisasa umetengenezwa kwa poliamaidi, na klorini hukata minyororo yake. Uharibifu huo haurudi nyuma. Dalili yake humdanganya mtu: maji safi huanza kutoka kwa kasi zaidi, mwenye mashine anafurahi, huku TDS ikipanda mwezi baada ya mwezi. Utando umetoboka.

Kinachozuia hayo ni kichujio cha mkaa, na ubaya wake ni kwamba hakionyeshi kwa macho kikichoka. Hakizibi, hakibadiliki rangi. Unapaswa kupima klorini, na mahali pa kupimia ni mrija wa maji taka. Maji yale yamekwisha kupita kwenye mkaa na yamegusa uso wa utando, kwa hiyo yanakuonyesha hasa kile utando unachokutana nacho. Chukua chupa ya matone ya kupimia klorini, ile inayouzwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea. Maji yakigeuka manjano hata kidogo, badilisha mkaa siku hiyo hiyo. Pima kila mwezi, na kila mara harufu ya klorini kwenye mfereji inapokuwa kali kuliko kawaida, kwa mfano baada ya mabomba kutengenezwa.

Chagua mkaa ulioshindiliwa badala ya ule wa punje. Ndani ya punje maji hujitafutia njia moja na kupita upesi bila kusafishwa, na vumbi la mkaa huenda kuziba utando. Kichujio kipya cha mkaa hutoa vumbi jeusi: chomoa mrija unaoingia kwenye mkebe wa utando, acha lita kumi zipite hadi ziwe angavu, ndipo urudishe. Anayetumia kisima chake mwenyewe kisichowekwa klorini bado anahitaji mkaa kwa harufu na mabaki ya mimea, ila wake hudumu muda mrefu zaidi.

Presha na baridi

Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni kwamba mashine iliyoandikwa galoni 75 kwa siku haitoi hata robo yake. Galoni 75 za Marekani ni lita 284, sawa na karibu mililita 197 kwa dakika. Lakini mtengenezaji alipima kwa presha ya psi 50 au 60 na maji ya nyuzi 25 za Selsiasi. Nyumba zetu nyingi zinapata maji kutoka tangi lililo juu ya paa. Kila mita 10 za kimo hutoa psi 14 na kidogo. Tangi lililo mita 6 juu ya mashine linatoa psi 8 na nusu. Kati ya hizo, chumvi yenyewe hula karibu psi 1 kwa kila miligramu 100 za TDS, maana ni presha ya osmosisi inayovuta kinyume. Kwa maji ya 420, zinabaki psi 4 za kufanya kazi iliyopangiwa 50 na zaidi. Utaona matone tu.

Tena maji hayo machache huwa machafu. Chumvi hupenya utando kwa kasi ile ile presha ikiwa juu au chini; kinachopungua ni maji. Chumvi ile ile ndani ya maji kidogo ni TDS ya juu. Watu wamebadilisha tando tatu mfululizo kwa kosa hili, wakati walichohitaji ni pampu ya kuongeza presha.

Pampu ndogo ya volti 24, yenye mrija wa robo inchi, inatosha. Ifunge baada ya kichujio cha matope na kabla ya utando, uiweke kwenye psi 60 hadi 80. Sharti iwe na swichi mbili: ya presha ya chini, inayoizima mfereji ukikauka isikimbie kavu na kuungua, na ya presha ya juu, inayoizima chombo cha maji safi kikijaa. Yule anayeishi mahali ambapo presha ya mfereji hupita psi 80 usiku ana tatizo tofauti. Aweke kipunguza presha, kwa kuwa mikebe na mirija huanza kuchoka hapo.

Baridi nayo huchukua karibu asilimia 3 ya maji safi kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na alfajiri ya Julai maji yanaweza kuwa nyuzi 18 au chini. Mililita 197 zinakuwa 156. Huo si ubovu. Usipashe maji; ongeza saa tu. Kisumu, kwa upande wake, ina joto la kutosha, lakini usiiweke mashine juani: mikebe inayopitisha mwanga huota mwani wa kijani ndani, na jua huichosha plastiki.

Maji taka na kizuizi chake

Ukitazama mrija wa maji taka utaona kwamba ndani yake, au kwenye kiungo chake, kuna kijidude chembamba. Hicho ni kizuizi cha mtiririko, na ndicho kinachotengeneza presha ndani ya mkebe wa utando. Kwa kila lita moja safi, ruhusu lita tatu hadi nne za taka. Kwa utando wa galoni 75, mililita 590 hadi 790 kwa dakika ni sawa. Ukinunua utando mkubwa zaidi, kizuizi nacho kibadilishwe. Hili husahaulika sana.

Kuna wanaoumia roho wakiona maji yanakwenda mtaroni, na katika mji wenye mgao wana haki. Lakini kubana kizuizi ili kuokoa maji ni kuuzika utando: maji taka ndiyo yanayosafisha uso wake, yakipungua chumvi na silika hugandia pale, na silika ikishaganda hakuna dawa ya nyumbani inayoitoa. Afadhali kuyakinga. Kwa uwiano wa moja kwa tatu, maji yaliyoingia na TDS 420 hutoka kwenye mrija wa taka yakiwa karibu 560. Hayo yanafaa kupiga deki, kufulia na kuvuta chooni. Kwa maji ya visima vya Nakuru, usiyapikie wala kuyanywa, kwa sababu floraidi nayo imeongezeka kwa kiasi hicho hicho, na usiyamwagilie kitalu cha sukuma kila siku, maana sodiamu huufanya udongo ugande.

Kila mwezi mashine ikikimbia, legeza au chomoa kizuizi kwa dakika mbili, maji yapite kwa nguvu na kuoga uso wa utando. Mashine nyingine zina vali ya kufanya hivyo. Ni dakika mbili zenye faida kuliko kemikali yoyote inayouzwa.

Taka zisipokoma hata chombo kikijaa, funga mrija wa maji safi, subiri dakika tano. Vali ya kujifunga yenyewe husukumwa na presha ya maji safi. Presha hiyo ikifika karibu theluthi mbili ya presha inayoingia, hufunga. Taka zikiendelea kutiririka, kwanza shuku vali ndogo ya kuzuia maji kurudi, iliyo kwenye kiungo cha kutokea maji safi cha mkebe wa utando. Ikivuja, presha haijengeki. Ni kipande kidogo cha bei nafuu, kibadilishe kabla ya kuigusa vali kubwa.

Kuuweka utando mpya

Nawa mikono. Utando una ncha mbili: moja ina kijiti chembamba chenye oringi mbili ndogo, nyingine ina mpira mpana mweusi unaouzunguka kama sketi. Kijiti ndicho kinachotangulia kuingia. Lowesha oringi kwa maji, sukuma huku ukizungusha taratibu hadi uhisi kijiti kimezama kwenye tundu lake mwisho wa mkebe. Utahisi kama kimemezwa. Hisia hiyo ikikosekana, oringi zimekaa nje, na maji machafu yatapita kando na kuchanganyika na safi. Utando mpya unaotoa TDS ya 80 siku ya kwanza mara nyingi haujakaa, si mbovu. Utoe, uweke tena.

Umehifadhiwa kwa dawa, kwa hiyo mwaga maji safi ya saa mbili za mwanzo. Kama una mkebe wa resini, yaani punje zinazonasa chumvi za mwisho, baada ya utando, uchomoe wakati huo, dawa isiile resini.

Resini yenyewe ni ya wale wanaofuga samaki na matumbawe ya bahari, au wanaotaka TDS ya sifuri kabisa. Kwa maji baridi haihitajiki. Ukiitumia na ikawa inaisha upesi kuliko hesabu yako, pima pH ya maji yanayoingia. Maji ya kisima yenye pH chini ya 7 hubeba kaboni dioksidi, na gesi hiyo hupita kwenye utando kana kwamba haupo, ikaenda kuimaliza resini. Yaache maji usiku mzima kwenye pipa lenye pampu ya hewa kabla ya kuyaingiza kwenye mashine, na resini itadumu.

Mara moja kwa mwaka, safisha mikebe. Toa vichujio vyote na utando, uweke utando ndani ya mfuko safi wenye maji ya RO. Tia kijiko kimoja cha chakula cha jiki isiyo na manukato kwenye mkebe wa kwanza, jaza maji hadi yafike mirija yote, acha nusu saa, kisha suuza hadi harufu iishe na matone ya klorini yasigeuke rangi. Ndipo urudishe utando. Jiki na utando visikutane hata kwa dakika.

Kuyarudishia maji uhai

Maji ya RO matupu ni hatari kwa samaki. Hayana KH, kwa hiyo pH inaweza kuanguka usiku mmoja, na hayana kalisi ambayo samaki na mimea huhitaji. Yakikaa kwenye chombo cha chuma au kupita kwenye viungo vya shaba huokota metali; tumia mapipa ya plastiki ya chakula, yenye vifuniko, mbu wasitage.

Njia rahisi ni kuchanganya na maji ya mfereji. Unataka 120, mfereji una 420, RO ina 10: toa 10 kwenye 120, gawanya kwa 410, unapata 0.27, yaani lita 27 za mfereji katika kila lita 100. Maji hayo ya kuchanganyia yachukue baada ya kichujio cha mkaa ili yasiwe na klorini. Njia hii inafaa pale GH na KH zinapokaribiana. Kwa maji ya visima vya Nakuru haifai sana, kwa kuwa unarudisha baikaboneti ile ile uliyoikimbia, bila kalisi. Huko tengeneza mwenyewe. Kwa lita 100 za RO tupu: gramu 7.9 za kalisi kloridi yenye maji mawili, gramu 4.4 za chumvi ya Epsom, na gramu 6 za sodiamu baikaboneti ya kuokea. Utapata GH 4 na KH 2, yanayowafaa samaki wengi wa maji mepesi. Yeyusha kila moja kwenye kikombe chake, maana kalisi na baikaboneti zikikutana zikiwa nzito huganda kuwa chokaa nyeupe. Tumia mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Yale magadi ya mawe ya sokoni, yanayotiwa kwenye mboga ngumu na maharagwe, yasiingie humu. Hutoka Ziwa Magadi, yana floraidi, na pH yake ni ya juu mno.

Safari ya Desemba

Mashine isiyotumika wiki moja au mbili iwashwe dakika kumi na tano kila wiki, vijidudu visijenge utando wao juu ya utando wako. Nyumba ikifungwa kwa wiki tatu au zaidi watu wakienda mashambani, ni bora kuutoa. Utie ukiwa umelowa ndani ya mfuko wa kuzibika wenye vijiko viwili vya maji ya RO, toa hewa, uweke kwenye friji sehemu ya chini, mbali na barafu, kwa sababu ukiganda unapasuka na ukikauka haurudi kama ulivyokuwa. Funga vali ya mfereji, mwaga maji yaliyo kwenye mikebe na uiache wazi ikauke. Ukirudi Januari, weka vichujio vipya vya mbele kabla ya kuurudisha, mwaga maji ya saa ya kwanza, kisha upime zile namba tano na uzilinganishe na za Novemba.